Uzi: Wajerumani na vitenzi visaidizi vya hali vya Kiingereza, au kwa nini "must not" si "muss nicht"

Mwanzisha uzi:

Ndugu wanajukwaa,

Uzi huu ni kwa ajili ya wenzetu wanaofundisha Kiingereza kwa watu waliokulia katika Kijerumani, wawe Ujerumani, Austria au Uswisi, na pia kwa wale wanaofanya kazi na watu hao kwa Kiingereza na mara nyingine hubaki wakijiuliza kama wameamriwa, wameombwa au wameshauriwa tu. Nitazungumzia vitenzi visaidizi vya hali, yaani "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will" na "would", ambavyo hubeba uwezo, ruhusa, ulazima, ushauri na makisio.

Ninafundisha watu wazima katika madarasa ya jioni mashariki mwa Ujerumani, ambako waliosoma wakati wa dola ya kikomunisti walianza na Kirusi kama lugha ya kigeni ya kwanza, na Kiingereza, kwa waliokipata, kilikuja baadaye. Hata hivyo makosa ninayoyaona kwa wazee hao katika vitenzi hivi ndiyo yale yale ninayoyasikia kwa vijana walioanza Kiingereza tangu utotoni. Kwa hiyo sidhani kwamba tatizo ni uchache wa masomo. Tatizo ni kwamba lugha hizi mbili ni ndugu, na mwanafunzi humwamini ndugu kupita kiasi.

Undugu wenyewe ni wa kweli. "Can" na "können", "must" na "müssen", "shall" na "sollen", "will" na "wollen", "may" na "mögen" ni jozi zilizotoka katika mizizi ile ile ya kale. Hata tabia zao zinafanana: Mwingereza husema "he can" bila ile "s" ya nafsi ya tatu umoja, na Mjerumani husema "er kann" bila ile "t" inayotakiwa katika vitenzi vingine. Sababu ni moja kwa lugha zote mbili, kwamba umbo tunaloliona leo kuwa la wakati uliopo lilikuwa, zamani sana, umbo la wakati uliopita katika vitenzi vingi vya kundi hili. Mimi huwaeleza wanafunzi jambo hilo mapema kwa sababu huwapa imani kwamba kitu wanachojifunza kina mantiki.

Baada ya hapo undugu huanza kudanganya. "May" hutoa ruhusa au makisio, wakati "mögen" ya leo kwa kawaida ni kupenda. "Will" imekuwa kwa sehemu kubwa alama ya wakati ujao, ilhali "wollen" imebaki kuwa kutaka, na ndiyo maana mwanafunzi anayeanza huweza kusema "I will a coffee" akiamini ameagiza kahawa. "Dürfen", ambayo kwa Kijerumani ni kuruhusiwa, haina mwenzake hata kidogo katika Kiingereza sanifu cha leo, kwa kuwa ndugu yake wa Kiingereza cha kale alikufa bila kuacha mrithi. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya kuhitaji, na maana hiyo bado imo katika "bedürfen" ya Kijerumani.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, liko katika ukanushi. Mjerumani husema "Du musst nicht kommen" akimaanisha kwamba si lazima mwenzake aje. Akiigeuza neno kwa neno anapata "You must not come", na Mwingereza anasikia marufuku: usije. Mtu aliyekusudia kumpunguzia mwenzake mzigo amemfungia mlango. Sisi tunaosema Kiswahili tunaliona jambo hili haraka, kwa sababu lugha yetu huonyesha waziwazi ukanushi umekaa wapi. Tunaposema "si lazima uje", kinachokanushwa ni ulazima. Tunaposema "ni lazima usije", kinachokanushwa ni kuja. Neno "nicht" katika "muss nicht" linakanusha ulazima. Neno "not" katika "must not" linakanusha tendo. Ukimwonyesha mwanafunzi sehemu hizo mbili za kukaa kwa ukanushi, hata kwa kuchora mabano ubaoni, ataelewa kwa nini kamusi peke yake haiwezi kumwokoa.

Tiba ninayoipendelea haipitii "müssen" kabisa. Kijerumani kina kitenzi "brauchen", na "Du brauchst nicht zu kommen" ina maana ile ile ya "Du musst nicht kommen". Ninamtaka mwanafunzi aigeuze kwanza sentensi yake ndani ya Kijerumani, kutoka "muss nicht" kwenda "brauchst nicht", kisha avuke kwenda "You don't need to come" au "You don't have to come". Kwa upande wa pili, "must not" ifungwe daima na "darf nicht". Hatua hiyo ya ziada huonekana kama mzunguko, lakini baada ya muda hupotea yenyewe na mwanafunzi huvuka moja kwa moja.

Ninaomba pia walimu wasisahau masikio. Kosa la kusema huweza kusahihishwa na msikilizaji, ambaye huona kwamba mzungumzaji ana uso wa upole ilhali maneno yake ni ya kukataza. Kosa la kuelewa halina msahihishaji. Fundi anayesoma maandishi "You must not open this valve" na kuyapokea kama "si lazima ufungue vali hii" atafanya jambo ambalo mwandishi alilikataza kabisa. Ndiyo sababu mazoezi yangu ya sehemu hii huanza na kusoma maagizo, na kuzungumza huja baadaye.

Tofauti nyingine ni ya umbo. Kijerumani kimeviacha vitenzi vyake vya hali viwe vitenzi kamili: vina kitenzi-jina, vina umbo la ukamilifu, na vinaweza kupangwa viwili viwili. Mjerumani husema "ich werde kommen können", nitaweza kuja, bila tatizo lolote. Kiingereza kimevipunguza hadi hakuna "to can" wala "I will can", na hakiruhusu viwili kusimama pamoja katika sentensi sanifu. Hapo ndipo "be able to", "have to" na "be allowed to" huingia kuziba pengo: "I will be able to come", "I have had to wait", "She was allowed to leave". Vitabu vingi huweka misemo hii katika sura ya mbali kama nyongeza, jambo ambalo naona si sahihi, kwa maana mwanafunzi huihitaji siku ile ile anapotaka kusimulia jana yake au kupanga kesho yake.

Kuna pia tabia ya kuacha kitenzi kikuu. "Ich muss nach Hause" na "Ich kann Englisch" ni Kijerumani kizuri, lakini "I must home" na "I can English" si Kiingereza. Hili husahihishika upesi.

Karibuni mchangie.

Mchangiaji wa Hamburg:

Mwalimu, ahsante kwa uzi huu. Mimi si mwalimu. Ninafanya kazi katika ofisi ya usafirishaji wa mizigo ambako Wajerumani na wageni tunaelewana kwa Kiingereza. Linalonitatiza zaidi ni "should". Mwenzangu huniambia "You should call the manager", nami huchukulia kwamba ni ushauri wake, nikamaliza kwanza kazi niliyonayo. Baadaye meneja huuliza kwa nini sijampigia. Je, "should" yao ni ya namna gani?

Mwanzisha uzi:

Ndugu wa Hamburg, umegusa "sollen", ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko "müssen", ingawa huzungumzwa kidogo.

Katika sentensi "Du sollst den Chef anrufen", utashi si wa anayesema wala wa anayeambiwa, bali ni wa mtu wa tatu. Msemaji ni mjumbe tu: bosi anataka umpigie. Kiswahili kingesema "umeambiwa umpigie bosi". Mjerumani akiitafuta "sollen" katika kumbukumbu yake ya Kiingereza hukuta "should", na "should" ya Kiingereza ni ushauri wa msemaji mwenyewe, kama "inafaa umpigie". Ujumbe uliotoka kwa bosi ukiwa agizo unakufikia ukiwa wazo la rafiki. Namna sahihi ni "The manager wants you to call him" au "You're supposed to call the manager". Mimi huwafundisha wanafunzi swali moja: nani anataka? Kama anayetaka ni mtu mwingine, mtaje mtu huyo, na "should" iache.

Kabla hawajafurahia "wants you to", tahadhari nyingine. Kijerumani husema "Er will, dass ich komme", na wanafunzi hutoa "He wants that I come". Sisi nasi, kwa "anataka nije" yetu, tumo katika kosa hilo hilo, kwa hiyo mwalimu Mswahili asiwacheke.

"Sollen" ina kazi ya pili ambayo huleta vituko zaidi. Magazeti ya Kijerumani huitumia kuripoti jambo ambalo halijathibitishwa: "Der Mann soll das Auto gestohlen haben", maana yake mtu huyo anadaiwa kuiba gari. Mwanafunzi akiandika "The man should have stolen the car", ameandika kwamba mtu huyo ilimpasa aibe gari lakini hakuiba. Hapo panahitajika "is said to have stolen" au, kwa lugha ya mahakama na habari, "is alleged to have stolen". "Wollen" nayo ina tabia ya jinsi hiyo: "Er will nichts gesehen haben" ni madai ya mhusika mwenyewe kwamba hakuona kitu, nayo kwa Kiingereza ni "He claims to have seen nothing". "Will" haina nafasi hapo.

Pale ambapo "sollen" na "shall" bado zinapatana ni katika swali la kujitolea: "Soll ich das Fenster öffnen?" ni "Shall I open the window?", angalau kwa Waingereza. Wamarekani kwa kawaida husema "Should I" au "Do you want me to".

Mfasiri wa nyaraka za kiufundi:

Naomba niongeze upande wa maandishi rasmi, kwa sababu huko maneno haya yana uzito wa fedha na wa usalama, na maana zake hazikuachwa kwa hisia za msomaji.

Viwango vya kimataifa vya ISO vina utaratibu wake wa uandishi, na katika utaratibu huo "shall" ndiyo takwa lisiloepukika, "should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa, na "can" ni uwezekano. Waandishi wanaelekezwa wasitumie "must" mahali pa "shall". Sasa mtazameni mhandisi Mjerumani. Katika viwango vya DIN, yaani viwango vya kitaifa vya Ujerumani, takwa hilo huandikwa "muss", na katazo huandikwa "darf nicht". Kwa hiyo jozi rasmi ni "shall" kwa "muss", na "shall not" kwa "darf nicht". Undugu wa "shall" na "sollen" ambao Mwanzisha uzi ameueleza unavunjwa kabisa. Mhandisi akisoma "shall" kama "soll", atadhani ana hiari ambayo hana.

Watu wa kompyuta wana hati yao, inayojulikana kama RFC 2119, iliyotolewa mwaka 1997, ambayo inaeleza maana ya maneno haya yanapoandikwa kwa herufi kubwa katika maelezo ya itifaki za intaneti. Hapo "MUST" na "SHALL" ni sawa, "MUST NOT" ni katazo kamili, na "SHOULD" maana yake ni kwamba unaweza kuacha kufanya jambo hilo ikiwa una sababu halali na umekwisha kupima matokeo. Nimeona mabishano marefu ya wahandisi kuhusu "MUST NOT" ambayo chanzo chake, ukichimba, kilikuwa "muss nicht".

Jambo la kuvutia ni kwamba "SHOULD" ya hati hiyo inakaribiana sana na "soll" ya sheria za Kijerumani. Wanasheria wa Ujerumani hutofautisha vifungu vya "muss", vya "soll" na vya "kann". Kifungu cha "soll" huifunga ofisi ya serikali katika hali ya kawaida, na ofisi huweza kukiacha tu pale ambapo kesi iliyo mbele yake ni ya aina ya pekee. Ukikifasiri kwa "shall" umekikaza kuliko kilivyo. Ukikifasiri kwa "should" ya mazungumzo ya mtaani umekilegeza mno. Mimi huandika kwa maneno mengi zaidi, kwa mfano "is generally required to", na simwonei aibu mteja anayelalamika kwamba sentensi imerefuka.

Ukitaka kuona undugu wa zamani ukiwa bado hai, fungua Amri Kumi. Biblia ya Kijerumani husema "Du sollst nicht töten", ile ya Kiingereza ya mwaka 1611 husema "Thou shalt not kill", na yetu husema "Usiue", bila kitenzi kisaidizi chochote. Katika amri hizo "sollst nicht" ni katazo kamili. Nje ya maandiko ya namna hiyo, Mjerumani wa leo akitaka kukataza hutumia "darf nicht".

Mchangiaji wa Moshi:

Habari za wakubwa humu. Mimi ni mwongoza watalii, na wageni wangu wengi hutoka Ujerumani na Austria. Naomba kuuliza kuhusu "could". Mgeni aliyeshuka mlimani huwaambia wenzake hotelini "We could reach Uhuru Peak", na Waingereza walio meza ya pili huonekana hawajaelewa kama alifika au hakufika. Mita 5,895 si jambo dogo, mtu amefika halafu sentensi yake inamshusha! Pia husema "Maybe he comes tomorrow" kila mara. Je, hili nalo ni kosa?

Mwanzisha uzi:

Ndugu wa Moshi, swali lako la kwanza ni zuri sana, na jibu lake limefichwa katika nukta mbili za herufi moja. Kijerumani kina "wir konnten", tuliweza, na "wir könnten", tungeweza. Kiingereza kimezibeba zote mbili katika "could". Kwa hiyo msikilizaji anayesikia "We could reach Uhuru Peak" peke yake huelekea kusikia "könnten": tungeweza kufika, tukitaka. Kwa uwezo wa jumla wa zamani "could" inafaa kabisa, kama "When I was young, I could climb for hours". Kwa tukio moja lililofanikiwa, Kiingereza hupendelea "were able to" au "managed to". Kwa hiyo Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria, waliofika kilele cha Kibo mwaka 1889, "were able to reach the summit" au "managed to reach the summit", lakini si "could reach". Katika ukanushi shida huisha: "We couldn't reach the summit" ni sahihi hata kwa siku moja tu. Vitenzi vya hisia navyo huruhusu "could" kwa tukio moja, kama "From the gate we could see the glacier".

Ukiwa huko kwenye wakati uliopita, kuna mtego mwingine unaostahili muda mrefu zaidi darasani kuliko unaopewa na vitabu. Kijerumani hutofautisha "Er hat arbeiten müssen" na "Er muss gearbeitet haben". Ya kwanza ni ulazima uliokuwapo: ilimbidi afanye kazi. Ya pili ni makisio ya sasa juu ya jambo lililopita: bila shaka alifanya kazi. Mwanafunzi anayetunga kwa haraka hukuta "must" na "have" mkononi na kuzipanga kuwa "He must have worked", ilhali alikusudia ile ya kwanza. "He must have worked" ni makisio peke yake. Ulazima uliopita ni "He had to work". Hapa Kijerumani kinaweza kuwa msaada badala ya kikwazo, kwa kuwa mpangilio wa "muss gearbeitet haben" na "must have worked" unalingana kabisa, hata katika maana. Mwalimu amwonyeshe mwanafunzi kwamba tayari ana chombo hicho nyumbani kwake.

Kwa majuto ni vivyo hivyo, ila mpangilio hubadilika: "Ich hätte anrufen sollen" ni "I should have called", na "Ich hätte kommen können" ni "I could have come". Kijerumani huweka alama ya masharti kwenye "haben", Kiingereza huiweka kwenye kitenzi cha hali. Wanafunzi wangu huandika "I had should call", na ukiitazama kwa makini utaona kwamba ni Kijerumani kilichovaa kofia ya Kiingereza.

Kuhusu "Maybe he comes tomorrow", wasikilizaji wataelewa, lakini ni dalili ya kukwepa "might". Kijerumani hupenda kuweka makisio katika kielezi "vielleicht" na kuacha kitenzi katika wakati uliopo, hata kwa kesho. Kiingereza kitasema "He might come tomorrow", na kama ukitaka kubaki na "maybe", basi "Maybe he'll come". Wakati huo uliopo wa kesho ndio unaozaa pia "I call you tomorrow" badala ya "I'll call you tomorrow". Mjerumani haoni sababu ya "will" pale ambapo neno "kesho" limekwisha kutajwa.

Mwalimu wa Zürich:

Ninaheshimu kazi ya Mwanzisha uzi, lakini sikubaliani na njia yake. Ukiweka Kijerumani na Kiingereza bega kwa bega ubaoni, unamzoeza mwanafunzi kufasiri, na anayefasiri hachelewi kuteleza. Mimi hufundisha kwa mazingira. Uko benki, unataka mteja atie sahihi. Uko hospitalini, unaomba mgonjwa asubiri. Katika mazingira hayo jambo linalojitokeza halimo katika jozi zenu zote: adabu. "Sie müssen hier unterschreiben" ni sentensi ya kawaida ambayo haimkeri mtu. "You must sign here", ikisemwa na karani kwa mteja Mwingereza, ina ukali. Mwingereza angesema "If you could just sign here" au "You'll need to sign here". Maana ya kamusi ni ile ile, lakini mteja mmoja anaondoka akiwa ameridhika na mwingine ameudhika. Jedwali halifundishi hilo.

Mwanzisha uzi:

Mwalimu mwenzangu, kuhusu adabu umesema kweli na ninaichukua. "Must" ya Kiingereza hubeba mamlaka ya msemaji, ndiyo maana huchoma inapoelekezwa kwa mteja, na haichomi inapokuwa ukarimu, kama "You must try this cake". "Have to" na "need to" huutupa ulazima nje ya msemaji, kwenye kanuni au hali. Kwa ombi, "könnten Sie" na "could you" zinalingana vizuri, na hapo Mjerumani hana shida.

Kuhusu njia, nabaki na msimamo wangu. Mtu mzima aliyekaa na Kijerumani miaka yote ya maisha yake hulinganisha, umruhusu au usimruhusu. Ukimnyima ulinganisho sahihi, atajitengenezea wake kimyakimya, na huo ndio unaozaa "must not" isiyofaa. Mazingira yako yatamfundisha "You'll need to sign here" kama msemo wa kukariri, lakini siku atakapotaka kumwambia mtu kwamba si lazima atie sahihi, kitu cha kwanza kitakachomjia ni "muss nicht".

Mfasiri wa nyaraka za kiufundi:

Niwaingilie kidogo. Mmesahau "would" baada ya "if". Wajerumani katika mazungumzo husema "Wenn ich mehr Zeit haben würde, würde ich reisen", na Kiingereza chao huwa "If I would have more time, I would travel". Shuleni kwao kuna kauli ya kukumbusha kwamba sentensi za "wenn" ni "würdelos", yaani hazina "würde", na kwa mchezo wa maneno, hazina heshima. Kauli hiyo inawatosha hata kwa Kiingereza: upande wa "if" usiwe na "would", bali "If I had more time".

Mwanzisha uzi:

Ahsante, Mfasiri, na hapa tena tuwe wapole. "Ningekuwa na muda zaidi, ningesafiri" ina "-nge-" pande zote mbili, kwa hiyo Mswahili na Mjerumani hutoa kosa lile lile kwa sababu zinazofanana. Ieleweke pia kwamba "would" baada ya "if" inakubalika inapokuwa ombi la hiari, kama "If you would wait here, please". Mwanafunzi wa hatua ya kati anaweza kuliacha hilo kwanza.

Mchangiaji wa Hamburg:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kwenye simu nashindwa kutofautisha "can" na "can't" ya wenzangu. Ni masikio yangu au ni matamshi yao?

Mwanzisha uzi:

Kwa sehemu kubwa ni matamshi yao, na sababu zake ni mbili. Wajerumani wengi hutamka irabu ya "can" ikikaribia "e", na huitamka kwa nguvu kila mara. Mwingereza hufanya kinyume: katika "I can come" mkazo uko kwenye "come", na "can" hunywea hadi irabu yake karibu isisikike. Katika "I can't come" mkazo huwa pia kwenye "can't". Kwa hiyo msikilizaji aliyezoea Kiingereza husikiliza mkazo kabla ya kusikiliza ile "t", ambayo Wamarekani wengi huimeza. Mjerumani anapoipa "can" mkazo wote, msikilizaji huelekea kusikia "can't", na jambo linageuka.

Mazoezi yake ni rahisi: mwanafunzi asome sentensi mbili hizo mara kadhaa, akigonga meza kwenye "come" tu katika ya kwanza, na kwenye maneno yote mawili katika ya pili. Waingereza huirefusha irabu ya "can't" iwe "aa", na anayefuata matamshi yao anapata alama ya ziada ya kutofautisha. Wakati huo huo mkumbushe kwamba ile "l" ya "could", "should" na "would" haitamkwi. Katika "could" haikuwa na asili hata kidogo, iliingizwa baadaye kwa kuiga maandishi ya zile nyingine mbili. Na kwa simu za kazi, ambako kosa la "t" moja linaweza kupeleka kontena bandari isiyo yake, waombe wenzako waseme "cannot" kwa ukamilifu, au "we are able to" na "we are not able to". Si Kiingereza cha kuvutia, lakini mzigo utafika.